Toa Mbegu

Uriri,
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Mama,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani kwako. Mguu unaendeleaje? Filister aliniambia ulitembea mwenyewe mpaka kwa muuza maziwa ukarudi bila kushikwa mkono, nikafurahi. Kisha akaniambia ulimgombeza huyo muuza maziwa, nikajua kweli umepata nafuu. Sisi huku ni wazima. Liz ana kikohozi kidogo. Bonface bado yuko Narok, anasema kazi ya ghalani itaisha mwezi wa nne ndipo aje.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ni ya Risper, na wifi yangu akikushikia simu husikiliza mpaka mwisho. Tena sikio lako la kushoto lilishakataa simu siku nyingi. Dholuo yangu ni ya kununulia nyanya, siwezi kuiandika, kwa hiyo utanivumilia na Kiswahili. Filister amekubali kutubebea barua kila akienda huko Homa Bay kuchukua dagaa wa omena wa kuuza.

Mama, tangu tumzike mzee mwezi wa kumi hatujasemezana maneno kumi. Ulifunga nyumba ukaenda kwa binti yako, na boma zima linajua ni kwa nini. Nilipanda kabla yako. Ni kweli. Mimi na Liz tulikuwa tumetoka Narok juzi juzi, miaka saba ya mjini, na kwetu Kegonga mvua ikinyesha mwenye jembe huingia shambani. Sikujua kwamba hapa mke wa mwana hatii mbegu kwenye udongo mpaka mama mkwe aanze. Basi jua likachoma mahindi, mzee naye akatuacha, watu wakajumlisha mambo hayo mawili na jibu likawa mimi. Sikulaumu kwa kuamini hivyo. Lakini naumia, Mama.

Habari nyingine ni ya shule. Chakula kilichokuwa kikiletwa na lori hakijaonekana tangu muhula uanze, na mavuno yetu unayajua. Mwezi wa kwanza watoto watatu walianguka paredi asubuhi moja. Mwalimu mkuu, Bwana Obare, aliita wazazi, tukakubaliana kila nyumba itoe kipimo cha gorogoro moja ya mahindi, maharagwe kadiri ya uwezo, na kila mtoto aje na ukuni wake. Kazi ya kupika nimepewa mimi. Wanasema nina mikono mikubwa. Kuna mama mmoja alisema, kwa sauti ya mimi kusikia, kwamba huyu Mkuria asije akatutilia laana kwenye sufuria. Nikaendelea kukoroga.

Shamba limelimwa, shemeji yangu Maranga alileta ng'ombe wake. Sitatia hata punje moja kabla hujaja. Utakuja lini?

Mkaza mwana wako,
Rael


Homa Bay,
Jumapili, 16 Februari 2025

Nyar Kegonga,

Nimepata barua yako pamoja na omena, ambayo niliilipia mwenyewe ingawa Filister alitaka nidhani ni zawadi. Hujambo? Mimi nashukuru Mungu. Mguu unasafishwa zahanati kila Jumatatu na Alhamisi, na daktari ni kijana mdogo anayeniita nyanya kama tumezaliwa nyumba moja. Kikohozi cha Liz mpe maji ya limau, bila sukari.

Unasema unaumia. Mimi pia naumia. Nilimzika mume. Nimekuwa Msabato miaka arobaini, na pasta anatufundisha kwamba mambo ya nani aanze shambani ni ya kale, nami humwitikia amina. Lakini nilipoolewa mama mkwe wangu ndiye aliyeanza, nikamfuata, kila msimu, mpaka alipokufa akiwa amezeeka vizuri. Hiyo amina yangu haijafika chini sana. Ndio ukweli wenyewe.

Sijui nitakuja lini. Daktari anasema miezi miwili zaidi. Sasa nisikilize. Nyumbani mwangu, nyuma ya kitanda, kuna pipa la buluu. Mle mna mbegu yangu, yale mahindi ya njano niliyoachiwa na mama mkwe. Niliitengeneza mwenyewe kabla sijaondoka, kwa kuwa mwaka jana mchwa walikula nusu ikiwa bado udongoni. Pipa hilo halifunguliwi na mtu mwingine. Fagia chumba, lenyewe uliache.

Kuhusu upishi, punguza chumvi. Huwa unazidisha.

Mama Bonface


Uriri,
Jumapili, 2 Machi 2025

Mama,

Salamu kwako na kwa Risper. Natumai mguu unaendelea kufunga. Umetia sahihi ya "Mama Bonface" utadhani unamwandikia chifu, na mwanzoni umeniita binti wa Kegonga, lakini nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Barua yenye ukali ni barua bado.

Mvua imeanza wiki iliyopita. Watu wote wamepanda. Ukisimama barabarani unaona kila shamba lina alama za majembe isipokuwa letu, na wapitaji hupunguza mwendo wakifika hapo. Mke wa Maranga huja kila asubuhi kuniuliza, "Mama amesema nini?" kwa sababu nyumba yao nayo haiwezi kuanza kabla yangu, na mimi siwezi kabla yako. Namwambia angoje. Anarudi kwake akiwa amenuna.

Kuku wako wawili wamekufa, yule wa madoa na mwenzake. Niliwakuta nyuma ya nyumba yako, shingo zimelegea na mate yanatoka mdomoni. Nadhani ni ule ugonjwa wa kila mwaka. Nimewafukia, sikuwala, kwa hiyo usiniulize nyama iko wapi.

Shuleni hali inanitisha. Watoto wa shule yetu ni mia moja na themanini. Juzi nimepakulia mia mbili na kumi na nne. Wanatoka ng'ambo ya mto, wakisikia huku kuna sufuria. Kuna msichana wa darasa la nne huja na mdogo wake mgongoni, mtoto ambaye bado hajafika umri wa shule, na mimi nampakulia pia. Mwingine hula nusu, nusu anaifunga kwenye karatasi ya nailoni ampelekee bibi yake. Najifanya sioni. Lakini gunia linashuka, Mama. Nyumba zilizokuwa zikileta gorogoro iliyojaa sasa zinaleta ya nusu, na juzi moja ililetwa ikiwa na makapi chini na mahindi juu. Mwalimu Obare amesema tukifika mwisho wa mwezi bila kitu itabidi jiko lifungwe. Tukifunga jiko, madarasa yatajifunga yenyewe. Wale wadogo hawatafika hata langoni.

Sasa nikwambie aibu yangu. Kila nyumba imetoa isipokuwa yetu. Huku tunakula mihogo na mboga za porini, mahindi yalikwisha Januari. Juzi yule mama wa laana aliniuliza mbele ya watoto, "Wewe unayekoroga vya wenzako, wewe umetoa nini?" Baadaye Mwalimu akaniuliza kwa upole kama nyumba yetu itatoa chochote, nikamwambia nitakuuliza wewe mwenye boma. Mambo ya shamba nitakungoja hata mvua ikikatika, sirudii kosa. Lakini hili la kutoa, niambie nifanye nini. Siwezi kuendelea kushika ule mwiko nikiwa mikono mitupu.

Mkaza mwana wako,
Rael


Homa Bay,
Jumapili, 16 Machi 2025

Mwanangu Rael,

U mzima? Liz amepona? Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nje, mahali ambapo Risper hanioni. Pole kwa kuku. Ugonjwa ule huja na mvua kila mwaka, tutapata wengine. Mguu wangu unafunga polepole, ila siwezi kupanda gari mpaka huko, na daktari hataki kusikia habari ya jembe.

Nimefikiri sana. Hapa mvua inanyesha kila alasiri, na kila inaponyesha naona shamba langu likiwa tupu. Nimejiuliza ninamwadhibu nani. Mjukuu wangu ndiye anayekula mihogo. Mke wa Maranga ndiye anayenuna. Mimi nimekaa hapa nakunywa chai ya maziwa na hasira yangu.

Mzee hakufa kwa sababu yako. Moyo wake ulikuwa mgonjwa miaka sita, na vidonge nilikuwa nikimpa mimi. Nilijua. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, nawe ulikuwa karibu. Nisamehe, mwanangu. Nimeona haya hata kuliandika.

Basi nisikilize, na barua hii uiweke ili kesho mtu asije akasema hukuruhusiwa. Fungua lile pipa la buluu. Toa mbegu. Usiningoje. Itoe kwa mikono yako mwenyewe, asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni, na useme kwamba mama amekutuma. Nyumba ya Maranga ifuate nyuma yako. Usibakize, mwaka huu yote itoke. Watoto watakula.

Mamako,
Susana


Uriri,
Ijumaa, 21 Machi 2025

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Barua yako ilifika Jumatano. Nilianza na sahihi, kama ninavyofanya siku hizi kupima hali ya hewa, nikakuta "Mamako". Nilikaa chini mlangoni mwa jikoni nikalia mpaka Liz akaja kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia leo hakuna aliyekufa.

Nimekusamehe zamani, hata kabla hujaomba. Na wewe unisamehe.

Lakini sikudhani mtu anaweza kutoa namna hiyo. Nilitarajia useme nipeleke maboga, au jogoo. Mbegu ya mama mkwe wako! Kusema kweli nilisita. Nilijiuliza sisi tutapanda nini. Kisha nikasoma tena pale uliposema nisibakize na kwamba watoto watakula, nikajiambia mama ameona mbali kuliko mimi. Bonface atatafuta mbegu nyingine huko Narok.

Jana nilifanya kama ulivyoagiza. Asubuhi, sijala kitu, nikafungua pipa. Panya walikuwa wametoboa kifuniko pembeni, punje chache zimemwagika mpaka nje ya ukuta, nikazizoa. Mahindi ni mazuri ajabu, ila umeyahifadhi kwa majivu mengi mno, na majivu yenyewe yana harufu kali. Nilipiga chafya mpaka machozi yakatoka. Nikaosha maji manne, nikaanika mkekani. Tangu hapo kichwa kinanigonga na mikono inaniwasha, nadhani ni lile vumbi. Debe moja na nusu, Mama! Nilijitwika, na mke wa Maranga akafuata nyuma yangu na mzigo wa kuni, maana yeye nafaka hana. Nikasema mbele ya wote kwamba mama amenituma. Mwalimu Obare akawasimamisha watoto wakapiga makofi. Yule mama wa laana ndiye aliyenisaidia kutua mzigo, na akaniita Min Liz, mama yake Liz, kwa mara ya kwanza.

Mahindi yaliyo stoo yatatufikisha Jumatatu. Haya yako tutayapika Jumanne pamoja na maharagwe, iwe ile pure mnayoiita nyoyo, ya kutafuna, maana wamechoka na uji. Wameshaanza kuhesabu siku. Nimemwambia Liz asijivune sana, lakini anajivuna.

Umeme umekatika tangu dhoruba ya Jumatano. Nguzo tatu zimelala, mnara wa simu nao umenyamaza, kwa hiyo ukinitafuta hunipati. Filister anasema ataondoka Jumatatu barabara ikikauka.

Mtoto wako,
Rael


Homa Bay,
Jumanne, 25 Machi 2025, saa mbili na nusu asubuhi

Rael,

Leo sisalimu. Usipike. Kama umeshapika, mwaga. Mwaga kwenye shimo na ufukie, mbali na kuku, mbali na ng'ombe, mbali na mto.

Filister ameniletea barua yako sasa hivi, chai iko mkononi. Yale si majivu. Ni dawa. Niliinunua Ogwedhi siku ya mnada wa ng'ombe, kwa mtu anayepima kwa kijiko na kufunga kwenye gazeti, haina jina wala maandishi. Alisema inaua mchwa, inaua kupe, inaua chochote. Nikaichanganya na mbegu yote kwa mwiko, nimejifunga kitambaa puani. Sikukuambia kwa sababu sikufikiri kuna mtu atakayekula mbegu. Maji manne hayatoshi, Rael. Hata arobaini sijui kama yangetosha.

Na sikusema uipeleke shule! Kutoa mbegu ni kuanza kupanda. Kwetu tunasema golo kodhi, yule wa kwanza anaitoa mbegu nyumbani anaitia udongoni, na wengine wanafuata. Nilifikiri kwa Dholuo nikaandika kwa Kiswahili, nikadhani neno limevuka likiwa zima. Nilikuwa nakupa shamba, mwanangu. Nilikuwa nakupa nafasi yangu. Na wale kuku! Uliniandikia wazi, mate mdomoni, nyuma ya nyumba yangu, nami nikakuambia pole.

Tumepiga simu yako, ya Mwalimu, ya Maranga. Hakuna inayoita. Risper anapanda pikipiki sasa hivi na barua hii. Msomee Mwalimu Obare. Wakikataa kumwaga, kaa juu ya hiyo sufuria. Mtu asitie hata kidole.

Ee Mungu, fikisha barua hii.

Mamako


Shuleni, Uriri,
Jumanne, 25 Machi, saa saba na nusu mchana

Mama,

Hakuna mtoto aliyekula. Nimeanza na hilo ili upumue.

Risper amefika salama, ana matope mpaka kwenye nyusi. Pikipiki ilikwama mara mbili. Naandika juu ya goti kwenye ngazi ya darasa la pili, kwa kuwa anasema wewe hutaamini neno la mdomo wake.

Walikuwa wamepanga mstari na sahani zao, nami nimeshainua mwiko. Alianza kupiga kelele tangu langoni. Nilisoma mpaka pale ulipoandika mwaga, nikafunika sufuria, nikampa Mwalimu barua. Alisoma yote akakaa chini kwenye vumbi na suti yake. Kisha akainuka, tukabeba sufuria sisi watatu mpaka shimo la choo cha zamani, tukamwaga, tukafukia. Watoto walitufuata wakatazama yote. Baadhi walilia. Yule msichana mwenye mdogo wake mgongoni hakulia, alisimama tu ameshika sahani mpaka koleo la mwisho. Nilitamani anitukane.

Wazazi walipokuja kuuliza, nimesema kosa ni langu, kwamba niliweka dawa ya mchwa karibu na mahindi jikoni kwangu ikayamwagikia. Pipa sikulitaja, wala jina lako. Mwalimu amekubali kunyamaza. Usinigombeze. Boma likishasemwa halioshwi, na mimi wameshanisema, nimezoea. Yule mama wa laana amesema alijua tangu mwanzo.

Sasa kuna jambo moja. Mimi nilikula. Saa tano kasorobo, bakuli moja, yalikuwa yameanza kuiva. Jana sikula kwa sababu unga wa muhogo ulitosha Liz peke yake, na leo moshi na njaa vilinishinda. Nilikaa nyuma ya jiko nikala haraka kama mwizi. Liz alinikuta wakati wa mapumziko akaomba. Nikamnyima. Nilimwambia mtoto wa mpishi hali kabla ya wenzake, aende akapange mstari. Alikasirika sana. Alisimama pale akinitazama mpaka nikamaliza. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa ukali wangu mpaka leo.

Natoka jasho, nguo imelowa yote. Mdomo unajaa mate nikitema unajaa tena. Herufi zinakuja mbili mbili, utanisamehe mwandiko. Risper ananivuta mkono, anataka twende Migori hospitali sasa hivi, nimemwambia nimalize mstari huu. Neno lako nililisoma vibaya, Mama, lakini sijutii kwamba nilikudhania wema ule. Kwa karibu wiki nzima nilikuwa mtu hapa. Mwambie Liz


Uriri,
Jumapili, 6 Aprili 2025

Mwanangu Rael,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwako. Risper anasema umefungua macho mara mbili lakini hujasema kitu, na ile mashine bado inakusaidia kupumua. Nesi anasema mtu wa hali hiyo husikia. Basi Risper, soma polepole, na usiruke mahali hata kama unaona haya.

Nilikuja siku ya pili yake, na bandeji yangu. Nilipitia hospitali nikakaa nawe mpaka wakafunga muda wa kuona wagonjwa. Nilikushika mkono, hukunijua. Bonface alikuwa ameshafika, yuko hapo nje kwenye benchi mpaka leo. Nikaja huku kwa sababu ya Liz.

Barua yako ilikatika. Uliandika "Mwambie Liz" ukaacha. Ninaizunguka siku kumi na mbili sasa na sijui nimwambie nini.

Ijumaa shule ilifungwa, na wazazi waliitwa. Walikuja wakiwa na maneno juu yako, nikawaacha wayamalize. Kisha nikasimama na fimbo yangu. Nilisema mbegu ilikuwa yangu na dawa niliitia mimi, na barua iliyokuambia utoe niliiandika kwa mkono huu. Nikawasomea barua yangu yote, halafu yako mpaka ilipokatika, nikiigeuza kuwa Dholuo, ili wasikie wenyewe mahali kosa lilipokaa. Niliwaambia, huyu mnayemwita mgeni amekubali kubeba uchafu wangu mgongoni, naye hata hajui kama atainuka. Yule mama aliyekuwa akikusema alitoka nje akasimama uani. Sikuumia kusema. Niliumia kwamba wewe hukuwepo kusikia.

Hawakunitukana. Ingekuwa afadhali. Mwalimu Obare aliuliza ni nani atatoa mahindi muhula ukifunguliwa, na hakuna mkono ulioinuka. Akauliza tena. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kunitazama. Kila mtu sasa anaogopa gorogoro ya mwenzake, na hata angekuwepo wa kutoa, hayupo wa kula. Sufuria imefunikwa pale jikoni. Yule msichana wa ng'ambo ya mto hajaonekana tangu siku ile. Nilimtuma Maranga akaulizie, akakuta mlango wao umefungwa kwa waya, na majirani hawajui wameelekea wapi.

Shamba bado tupu. Bonface alikuja mara moja na mbegu ya dukani, ile yenye rangi nyekundu ya dawa, akaiweka mlangoni akarudi hospitali. Liz alipoiona alikimbia mpaka barabarani. Nimeifungia. Sina moyo wa kugusa udongo, na nimemwambia mke wa Maranga apande wakati wowote anaotaka, asiningoje mimi wala mtu yeyote. Naye hajapanda.

Rael, Liz hali chakula. Nampikia kila siku. Ugali, mboga, yai kila ninapolipata. Anakaa mbele ya sahani, mikono ameiweka magotini, na anashukuru vizuri kama ulivyomfundisha. Kisha hagusi. Kwa mke wa Maranga hali, kwa Mwalimu hali. Anakula mapera mabichi aliyoyachuma mwenyewe na maji aliyoyateka mwenyewe, basi. Mikono yake imekonda, na jana aliposimama ghafla alishika ukuta.

Jana hiyo hiyo nikaamua nimwonyeshe. Nilipakua sahani moja, nikala yote mbele yake, sikubakiza. Alinitazama mpaka nikamaliza. Nikamsogezea yake. Hakuigusa, alikaa tu ananitazama usoni. Nikamwuliza, "Nyathina, mtoto wangu, unangoja nini?" Akasema anangoja aone kama nitaanguka.

Tukakaa sisi wawili mpaka chakula kikapoa. Sikuanguka. Na bado hakula.

Mwandikie. Neno moja tu, Risper akushikie kalamu. Mwambie mtoto wako ale.

Mamako,
Susana